Nilivyochaguliwa Bibi Harusi kwa Sababu ya Goti

Kuna watu hapa Mweiga ambao mpaka leo wakikutana nami sokoni hufunika mdomo kwa kiganja kana kwamba wanapiga chafya, na mimi najua si chafya, najua kabisa wanachokiona akilini mwao: wananiona mimi, mwalimu mstaafu, mjane wa miaka sitini na moja, mwanamke wa kukaa kiti cha mbele kanisani, nimelala chali kwenye nyasi nikiwa nimemkumbatia mchumba wa mpwa wangu. Sikatai. Ilitokea, tenti nne za wageni ziliona, na ambao hawakuona waliletewa kwa video. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana nikiwaachia wengine mtasikia kwamba nilikuwa nimelewa muratina, na hiyo pombe sijaionja tangu nibatizwe.

Lazima nianze na goti, la kulia. Lilianza kunisumbua nikiwa bado nafundisha, na si ajabu, kwa sababu ukihesabu miaka ya kusimama mbele ya ubao, na kabla ya hapo miaka ya kupanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, kamba imekaza kichwani, hata mti ungechoka. Likafika mahali mfupa unasaga mfupa. Nikitembea linalia, nikisimama linalia, nikilala linanikumbusha kwamba nimelala nalo. Basi nikapelekwa hospitali Nyeri, na daktari mmoja wa mifupa, mtu mrefu mpole asiyependa maneno mengi, akalikata goti la zamani akaniwekea la chuma na plastiki. Nyinyi wa siku hizi mnaona ni jambo la kawaida, lakini ile ilikuwa miaka ambayo simu za mkononi ndio zinaingia na mtu akitaka kupiga anapanda kilima kutafuta mtandao, na goti la chuma lilikuwa habari ya kijiji kizima (watu walikuja nyumbani wakaomba kuligonga kwa kijiko wasikie kama litalia; halikulia, wakaondoka wamevunjika moyo).

Siku ya kutoka hospitali daktari alinikalisha akanipa masharti. "Mwalimu, mazoezi ya paja kila siku, mara tatu. Usichuchumae. Na hii pia ya goti yako," akagusa kile kifupa cha mviringo kilicho mbele, "ukiona inateleza kwenda upande wa nje, usikae nayo nyumbani. Kuja."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia. Mwezi wa kwanza nilifanya mazoezi kama mtoto wa darasa la nane anayengoja mtihani, nalala kitandani nainua mguu, nahesabu kumi, nashusha. Mwezi wa pili viazi vikakomaa shambani, na mnajua viazi haviwezi kumngoja mtu anayehesabu kumi, kwa hivyo nikawa nafanya asubuhi tu, halafu Jumamosi tu, halafu nikawa nayafanya kwa mawazo.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Miezi minne baada ya operesheni kulikuwa na ibada ya shukrani, na mimi nikaomba nafasi ya ushuhuda. Nilipewa dakika tatu, nikachukua ishirini. Nilieleza maumivu, nikaeleza hospitali, nikaeleza chakula cha hospitali, na watu walipokuwa wakiitikia "Amina!" mimi nikapanda moto, nikapiga mguu chini mara mbili, nikaruka (nani alinituma niruke?), halafu nikatangaza kwa sauti ya darasani: "Goti hili limepona kabisa! Mlango wa chumba cha operesheni sitauona tena!" Kanisa lote likasimama. Wifi yangu Wangeci, mke wa ndugu yangu, alipiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nakamua ng'ombe. Nikainuka kutoka kwenye kile kigoda kifupi, nikahisi kitu ndani ya goti kimehama, tok, na nilipotazama chini nikaona ile pia ya goti haiko mbele, iko upande wa nje, imekaa pale kando kama mgeni aliyekosea nyumba. Maumivu yalinifanya niite jina la mama yangu. Nikashika ukuta, nikanyoosha mguu polepole, na kile kifupa kikarudi chenyewe mahali pake. Ng'ombe alinitazama tu, akiendelea kutafuna. Nikamaliza kukamua.

Mtu mwenye akili angerudi kwa daktari kesho yake. Mimi nilikaa kitandani nikajiuliza nitawaambia nini watu. Ati nimepona kabisa lakini narudi kukatwa? Niliona kama nitakuwa nimemwaibisha Mungu mbele ya kanisa lake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri yenye heshima, lakini leo nitawaambia na ile nyingine: niliogopa kisu. Mara ya kwanza niliingia kwa ujasiri kwa sababu sikujua. Sasa nilijua.

Kwa hivyo nikanyamaza, na goti likaendelea. Nikajifunza kushuka ngazi za kanisa kwa upande kama kaa, nikiwaambia watu kwamba napenda kutazama mlima. Nikaacha kupiga magoti wakati wa maombi, nikawa nainamisha kichwa chini sana kufidia. Mara ya pili ilitoka nikiingia chooni, mara ya tatu nikivuka mtaro, na kila mara ilikuwa inarudi kwa shida zaidi, na mguu unavimba mpaka jioni. Naishi peke yangu. Watoto wangu wako Mombasa na Nakuru. Nilijua vizuri kwamba iko siku itatoka ikatae kurudi, nami nitakuwa shambani nimelala kati ya viazi nikiita watu wasionisikia, na baada ya hapo sitatembea tena kwa miguu yangu mwenyewe. Nilijua, na bado nilinyamaza.

Basi ikafika siku ya ngurario ya Wambui, binti wa ndugu yangu na huyu Wangeci. Ngurario ndiyo ile sherehe ya kumaliza mambo ya mahari, siku ambayo bwana harusi hukata bega la mbuzi na familia mbili zikawa moja. Kijana alikuwa anaitwa Muriithi, wa kutoka Kerugoya, daktari wa mifugo, kijana mwenye adabu sana, akikusalimu anatazama chini. Walikuja na wazee wao wamevaa makoti licha ya jua, na mmoja wao, baba mkubwa wa Muriithi, mzee wa fimbo na kofia ya manyoya, ndiye aliyekuwa msemaji.

Kabla ya kukata hilo bega kuna mchezo mmoja, na kwetu ni mchezo lakini ni mchezo wa kweli: wasichana kadhaa hufunikwa leso kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, bibi harusi akiwa kati yao, wanatolewa kwa mstari, na bwana harusi lazima amtambue wake bila kufunua. Akikosea anatozwa mbuzi na watu wanamcheka mwaka mzima. Na ili urefu usimfichulie, kina mama wetu siku hiyo walikuwa wameamua kwamba wote watembee wameinama, magoti yamekunjwa, wakiyumba kwa wimbo.

Nilikuwa nimekaa zangu vizuri chini ya tenti na sahani ya maharagwe ya njahi mapajani Wangeci alipokuja mbio.

"Nyawira! Inuka. Tumepungukiwa na msichana mmoja, tunatakiwa kuwa na saba. Wewe na Wambui mko na kimo kimoja."

"Mimi? Wangeci, mimi ni shosho, nyanya mzima!"

"Ndani ya leso nani ataona ushosho wako? Ati unaogopa nini, si hiyo goti ilipona? Si ulituambia wewe mwenyewe, ukaruka?"

Alisema hivyo mbele ya meza nzima ya kina mama wa kanisa, na wote wakanigeukia wakitabasamu. Ningesema nini? Kulikuwa na majibu mengi. Ningesema nimeshiba. Ningesema kichwa kinauma. Lakini nilitazama zile nyuso, nikaiona aibu yangu inanyemelea, na nikaweka sahani chini nikasema, "Leteni hiyo leso." Na niwaambie jambo jingine la kunichekesha: nilifurahi kidogo. Nilifikiri, kama Mungu anataka kuufanya ule ushuhuda uwe kweli, nafasi ndiyo hii.

Wakanifunika. Ndani ya leso ni giza na joto, unaona vidole vya miguu yako tu, na miguu yangu walikuwa wameivisha soksi nyeupe sawa na za wasichana. Nilikuwa wa tano kwenye mstari. Wimbo ukaanza, kina mama wakapaza sauti, na sisi tukatoka nyumbani kuelekea uwanjani, tumeinama, tumekunja magoti, tunayumba kulia, tunayumba kushoto. Hatua kumi za kwanza nilizipiga kwa raha. Nilisikia watu wanashangilia, nikasikia mzee wa kofia ya manyoya akisema, "Hawa watoto wamefundishwa!" na mimi nikayumba zaidi. Mwalimu akisifiwa hukosa breki.

Tulipofika katikati tuliambiwa tusimame, tubaki vile vile, magoti yamekunjwa. Hapo ndipo niliposikia tok.

Pia ya goti ilikuwa imetoka yote. Jasho likanitoka, baridi. Nilijaribu kunyoosha mguu kama kawaida yangu, ukakataa. Nilitaka kulia, lakini nikikohoa tu Muriithi atajua sauti ya mzee, na mchezo utaharibika, na watauliza kwa nini, na nitasema nini? Nikauma meno. Mguu mmoja unabeba mwili wote, ule mwingine unatetemeka, na mimi nikaanza kutetemeka mzima kuanzia chini mpaka leso ikawa inapepea.

Sasa Muriithi alikuwa anapita kwenye mstari, polepole, mikono nyuma, anatazama. Baadaye alituambia kwamba baba yake mkubwa alikuwa amemfundisha siri moja: bibi harusi wa kweli hutetemeka, kwa sababu ana mengi moyoni. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akafika kwangu. Akasimama. Niliona viatu vyake vyeusi vimeng'arishwa vikaelekea kwangu. Nilimwombea apite. Nilisema kimya kimya, pita mtoto wangu, tafadhali pita.

"Ni huyu," akasema Muriithi. "Huyu ndiye wangu."

Vigelegele! Kina mama wetu walijua kwamba amekosea, kwa hivyo walipiga ngemi za kumcheka, na watu wa Kerugoya hawakujua, kwa hivyo walipiga za furaha, na katikati ya hizo kelele zote Muriithi akashika ncha ya leso kwa heshima, akainua.

Sijui aliona nini hasa. Nafikiri aliona mvi, miwani iliyopanda kwenye paji la uso, na mwanamke mwenye umri wa mama yake aliyetoa macho kama mwizi. Akaruka nyuma. Na mimi, ambaye nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja tu, nikaanza kuanguka, nikanyoosha mikono nishike chochote, nikamshika Muriithi shingoni. Kijana wa watu hakuwa amejipanga. Tukaenda chini pamoja, kwanza kwenye meza ya soda, ambayo ilikunja miguu yake, halafu kwenye nyasi, mimi chini, yeye juu, na soda ya machungwa ikitumwagikia sote wawili.

Nyinyi mnajua adabu zetu. Kijana hamshiki mkono ovyo mama mkwe wala shangazi wa mke wake, hata kula mbele yake huona haya. Huyu sasa amelala juu yake, mbele ya wazee wa pande zote. Uwanja ukapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje ya tenti. Wangeci alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

Mzee wa kofia ya manyoya hakucheka. Aligonga fimbo chini. "Sisi hatukukuja huku kuletewa shosho! Tumekuja kuchukua msichana. Hii ni aibu, na aibu iko na mbuzi wake. Mbuzi hiyo itatoka wapi?"

"Kwenu!" akajibu ndugu yangu. "Nani alichagua? Si ni kijana yenu alichagua? Tulimlazimisha?"

"Na nani aliweka mzee kwa mstari ya watoto?"

Wakaanza. Wazee wa huku na wa kule wakaweka viti karibu karibu ili wabishane vizuri, mbuzi ni ya nani, ya kuosha aibu au ya faini, moja au mbili, na mtu wa video anazunguka na mashine yake begani asikose neno. Na mimi bado niko chini. Muriithi alikuwa ameshainuka, anajipangusa soda, hajui atazame wapi. Kila mtu alidhani nimekaa pale kwa aibu, au nafanya mzaha. Nilijaribu kutabasamu. Nilisema kwa sauti ndogo, "Nisaidieni," na mama mmoja akanijibu, "Nyawira wewe, wacha mchezo!"

Wambui ndiye aliyenisikia. Bibi harusi mwenyewe, aliyekuwa wa saba kwenye mstari, amefunikwa, amekatazwa hata kupumua kwa nguvu. Akang'oa leso akaitupa chini, akapita katikati ya wazee na mbuzi wao, akapiga kelele: "Wacheni hiyo maneno! Tata ameumia!" (Tata kwetu ni shangazi.)

Basi mchezo ukafa hapo hapo. Muriithi akapiga magoti kando yangu, na niliona ile haya yake yote ikimtoka usoni, akawa mtu aliye kazini. Akanigusa goti juu ya soksi.

"Tata, hii pia imetoka."

"Najua imetoka."

"Ng'ombe pia hushikwa hivi. Naijua. Lala, legeza mguu. Usiniletee teke." (Kumbe ilimtoka tu kwa mazoea, aliniomba msamaha baadaye mara nyingi.) Akaniinua kisigino kidogo, akanyoosha mguu wangu polepole sana huku kidole gumba kinasukuma kile kifupa kutoka nje kuja ndani, na kikarudi, tok, na mimi nikavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Watu walikuwa wamesogea kutuzunguka. Hata Wangeci alikuwa ameacha nguzo.

Muriithi akaniuliza, na aliuliza kwa sauti ya kawaida lakini kila mtu akasikia: "Imetoka mara ngapi, Tata?"

"Ni leo tu," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nimelala kwenye soda, mguu umevimba kama tikiti, mbele ya watu wa kanisa langu, nikadanganya. Wambui alinitazama tu. Yule ni mtoto niliyemfundisha kusoma, na alinitazama vile nilivyokuwa nikiwatazama watoto waliosema daftari limeliwa na mbwa. Nikashindwa kumtazama.

Bega la mbuzi lilikatwa hatimaye, na wale mbuzi wawili wa ubishi kila upande ulitoa mmoja, wakaliwa na wote, na hakuna aliyelala njaa. Mimi nilikula nikiwa nimenyooshewa mguu juu ya kreti.

Jumatatu asubuhi Muriithi na Wambui walikuja kunichukua na gari la kazi la Muriithi, lenye harufu ya dawa ya kupe. Sikuwa nimewaita. Wambui alisema, "Tata, vaa koti," na nikavaa. Njiani hadi Nyeri nilikuwa napanga jinsi nitakavyomwambia daktari kwamba ni jambo dogo, na mtaamini, tulipofika goti likanisaidia kudanganya! Daktari alilikunja, akalinyoosha, akalisukuma, na ile pia ikakaa mahali pake kwa adabu kama mtoto aliyevalishwa nguo za Krismasi. Daktari akakuna kidevu.

"Mimi sioni ikitoka," akasema.

"Basi pengine imepona," nikasema, nikaanza kutafuta kiatu changu.

Muriithi akakohoa. Akatoa kanda ya video ndani ya koti.

Tulienda chumba cha wauguzi kulikokuwa na televisheni, na pale, nimekaa kwenye kiti cha magurudumu, nilijiona kwa macho yangu nikiyumba ndani ya leso. Daktari aliomba irudishwe nyuma. Akaomba tena. Wauguzi wawili walitoka nje haraka nikawasikia kwenye veranda wakicheka mpaka wakashikana. Daktari hakucheka, ingawa mdomo ulikuwa unamcheza. Alikuwa akitazama mguu wangu tu. "Hapa," akasema, akigusa kioo. "Amekunja goti, ameegemea kulia, na leso inaanza kutetemeka. Hapo ndipo imevutwa nje." Akanigeukia. "Mwalimu, ukweli sasa. Imetoka mara ngapi?"

Niliwatazama Wambui na Muriithi. "Mara sita," nikasema. "Hiyo ya leso ni ya saba."

"Na kwa nini hukurudi?"

"Nilikuwa nimeshuhudia."

Akavuta kiti akakaa, na kwa mtu asiyependa maneno alinieleza vizuri. Alisema kwanza atapiga picha aone kama chuma chenyewe kimekaa kimepinda, maana kikipinda lazima kifunguliwe kiwekwe upya. Kama kimenyooka, basi ni nyama: upande wa nje wa goti umekaza unavuta, wa ndani umelegea, na paja halina nguvu ya kushikilia. "Ungenijia ile mara ya kwanza pengine mazoezi peke yake yangetosha," akasema. "Sasa inabidi nifungue. Ukichelewa tena, hiyo pia itavunjika, na hapo sitakuahidi kutembea."

Nililia. Sikuona haya kulia. Nililia kwa hofu, na nililia kwa sababu vile viazi na ile aibu vilikuwa karibu kunigharimu mguu.

Chuma kilikuwa kimenyooka. Walinipasua tena, wakalegeza upande wa nje, wakakaza wa ndani kwa kushona, na nilipoamka mguu ulikuwa umefungwa kifaa kigumu kutoka pajani hadi chini, nisiukunje ovyo. Wiki sita nilikaa kwa ndugu yangu. Wangeci alinipikia uji, alinisimamia mazoezi akihesabu kumi kwa sauti ya sajenti wa chuo cha polisi cha Kiganjo, na kila siku ya Mungu alinikumbusha ile soda. Nikahesabu hizo kumi zote. Pia ya goti haijatoka tena hata mara moja.

Nilipoweza kutembea na fimbo niliomba nafasi kanisani, na safari hii nilitumia dakika tatu kamili. Nilisema nilishuhudia mapema kuliko goti lenyewe, na kwamba Mungu hakunituma niruke, nilijituma. Nilisema niliogopa. Nilidhani watu watanicheka, na wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha kukaribisha mtu nyumbani, nikaketi nikiwa mwepesi.

Jumanne yake, kabla sijamaliza chai, Wangeci alikuja kwangu peke yake. Si kawaida yake kubisha hodi. Akakaa, akakunja leso, akaikunjua. Mnapaswa kujua kwamba Wangeci ndiye msomaji wetu wa Biblia, miaka kumi sasa, anasimama mbele na anasoma bila kukwama, sote tunamwonea fahari.

"Nyawira," akasema, "hii jicho ya kushoto haioni. Na hii ingine inaingia ukungu."

"Tangu lini?"

"Mwaka moja na nusu."

"Lakini Wangeci, unasoma kila Jumapili!"

"Zaburi nazijua kwa kichwa. Injili, nyingi najua. Lakini Jumapili inayokuja wamenipa kitabu cha Hesabu." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa leso. "Niliogopa wataninyang'anya hiyo kusoma. Ni hiyo tu niko nayo."

Nilimshika mikono tukacheka na kulia kwa pamoja, wanawake wawili wazima wenye akili zao. Alhamisi tulienda Nyeri, mimi na fimbo, yeye amenishika kiwiko kwa sababu haoni mtaro, na daktari wa macho akasema ni mtoto wa jicho, kitu cha kutolewa, na kikatolewa, na siku hizi Wangeci anasoma hata zile herufi ndogo za chini ya ukurasa ambazo hakuna aliyemwomba.

Mimi nimeapa jambo moja. Zamani mtu akinisalimia nilikuwa najibu "mzuri sana" kabla hajamaliza kuuliza. Siyo tena. Sasa ukiniuliza goti linaendeleaje, nitakuambia goti, nitakuambia na nyonga, nitakuambia na lile jino la nyuma, na kama una haraka ya kuwahi soko, tafadhali, nipungie tu mkono upite.